Aliyerudi Saa Saba Mchana

Buffalo, 12 Februari 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku Riverside tuko wazima. Theluji imepanda mpaka dirishani, Mizero anakohoa kidogo, na mdogo wake ameota jino na analijaribu kwenye titi langu. Baba yao anakusalimia sana.

Bon, basi, mama. Nimeandika kwa karatasi juu ya hii: kwenye simu tunapandishiana sauti, watoto wanalia, halafu mmoja wetu anakata. Soma polepole. Ukichoka weka chini, utaendelea kesho.

Ulisema nini kanisani Jumapili iliyopita?

Mimi nimeambiwa hivi. Mchungaji aliomba ushuhuda. Ukasimama, ukasema: "Mshukuruni Mungu pamoja nami! Mume aliyepotea amerudi kwa mke wake!" Kanisa zima likapiga makofi. Mama Caritas akapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza ni mume gani, na wewe hukusema kwamba ni Preston wa kwenye televizio, yule wa mchezo wako wa Saa Saba.

Wewe unajua watu wetu na simu. Kabla ibada haijaisha, habari ilikuwa imefika Louisville. Wifi yangu Kirezi alikuwa kazini, kwenye lile ghala la vifurushi. Mtu akampigia: "Shangilia, mume wako yuko Columbus kwa mama yake!" Akaacha boksi mikononi mwa mwenzake, akatoka.

Hakunipigia kwanza. Alienda nyumbani, mtaa wa Iroquois, akaoga, akavaa kitenge cha kijani, akatia maziwa kwenye moto. Maziwa, mama. Ndipo akanipigia, ananiuliza, "Wifi, bado anapenda ya moto?"

Mimi sikujua anaongea juu ya nani. Nilipoelewa, ni mimi nilibaki wa kumwambia. Ninyi mlikuwa mnaimba huko, na mimi nilimuua kaka yangu mara ya pili kwa simu, nikiwa na mtoto mgongoni.

Na kuna neno lingine. Rutebuka, mwanaume mpole anayesali kanisani kwao kule, ameomba kumuoa Kirezi. Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu tukimbilie Burundi, kaka Gatera akageuka njiani kufuata ng'ombe wetu, na hakuna aliyemwona tena. Mchungaji wa Louisville anasema hafungishi ndoa mpaka wewe mama mzazi ukubali tuondoe kilio: watu waombe, wale, jina la Gatera litajwe pamoja na waliolala. Kirezi anaogopa kukuomba. Donc, kwa hiyo, ninaomba mimi.

Mtoto wako,
Hadassa


Columbus, 3 Machi 2024

Mama Mizero, binti yangu,

Amani iwe kwenu. Goti ni lile lile, linajua theluji kabla ya watu wa redio. Mpe mtoto kitambaa kibichi atafune. Kaka yako Muhoza na mke wake wanatoka kwenda kazini bado giza, watoto wanaenda shule, na mimi ninabaki na televizio.

Sikusema uongo kanisani. Nilisema mume amerudi, na amerudi, nimemwona kwa macho yangu. Celeste, mke wake, alikuwa amesimama mbele ya mchungaji anaolewa na yule daktari. Mlango ukafunguka. Preston! Celeste akaangusha maua. Kiingereza sijui, lakini mtu aliyerudi hahitaji mkalimani. Nilipiga magoti pale kwenye kapeti. Nikasema, Mungu, hawa wazungu hata chakula hawakiombei, na umewafanyia hivi. Mimi umeninyima kwa nini? Ndiyo nikasimama kushuhudia, ili ajue kwamba nimeona anaweza.

Watu wakisikia vibaya, hayo ni masikio yao. Lakini yale maziwa ya Kirezi yameniumiza. Usiniandikie tena habari za maziwa.

Tuondoe kilio cha nani? Nani alinionyesha kaburi? Saa Saba nimeiangalia tangu tufike Louisville, sisi watatu kwenye kile kiti kirefu tulichopewa na kanisa. Wewe ulikuwa na tumbo la Mizero, na Kirezi ametoka kazi ya usiku, anasinzia begani kwangu. Nimejifunza kitu kimoja. Ambaye hatukuona maiti yake, anarudi. Hajakosa hata mmoja.

Mwambie Kirezi ninampenda. Mwambie angoje.

Mimi mama yako,
Nyirakamana


Buffalo, 21 Machi 2024

Mama mpendwa,

Amani ya Bwana. Mizero amepona. Mimi macho yangu yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini nasimama.

Umenikataza habari moja, sitaitaja. Nitakuambia nyingine.

Kuna mama mzee ninayemtunza mchana, anaitwa Madame Lorraine. Aliangalia Saa Saba tangu alipokuwa msichana mwenye mimba ya kwanza. Nilipokuwa namvalisha soksi nikamwambia, "Preston amerudi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Tena? Yule alikufa maji, akafa kwa moto, na mara moja tulimzika kabisa. Mimi nilivaa nguo nyeusi humu ndani, mume wangu akauliza nani amekufa kwetu!"

Nikamuuliza kwa nini haangalii tena. Akasema, "Hadassa, waliiharibu." Akanieleza mpaka chai yake ikapoa.

Anasema zamani wanawake wa mtaa huu walikuwa nyumbani mchana, wanapiga pasi, na kila dirisha lilitoa sauti ile ile. Mtu mmoja kwenye mchezo angeweza kuficha siri mwaka mzima. Mume na mke wangegombana mezani wiki nzima juu ya neno moja, na ungeelewa wote wawili, juu walioandika waliwajua kama majirani. Aliyekufa alikufa. Walimlilia mwaka, na kiti chake kilionekana mezani hakina mtu.

Halafu wanawake wakaenda kazini, yeye pia. Halafu kukawa na kesi kubwa mahakamani, televizio zikaionyesha kila mchana miezi na miezi. Walioacha kuangalia wakati ule wengi hawakurudi. Matangazo yakapungua, pesa ikapungua na yenyewe. Waandishi wakafukuzwa, wachache wakabaki wanaandika haraka. Nyumba za kwenye mchezo zikapungua, sasa kila mtu anakutana na kila mtu kwenye ule mgahawa mmoja. Waigizaji wazee waliopendwa wakatolewa ili vijana waangalie. Vijana hawakuangalia, na wazee waliokuwa wanaangalia wakakasirika. Ndipo wakaanza miujiza: pacha asiyejulikana, sumu, mfu anayerudi. "Mara ya kwanza nilipiga kelele ya furaha," anasema Madame Lorraine. "Mara ya nne niliona wananidanganya. Na tangu siku hiyo, mtu akifa pale silii. Nitalia kwa nini? Basi nikazima."

Mama, huyo Preston ulimtazama sura? Si yule tuliyemwangalia Louisville. Wamemleta mtu mwingine, wakasema ni yeye. Na amekaa msituni miaka minne, amerudi amenyoa ndevu na suti imepigwa pasi! Sisi tulitembea msituni siku chache tu, na tulipofika Burundi hata shangazi alitupita njiani bila kututambua.

Hawa wanarudi juu kuna mtu ofisini anaogopa watu watazima televizio. Kaka yangu hana mtu wa namna hiyo ofisini. Angekuwa na njia ya kurudi, angerudi bila muziki.

Ninakuheshimu, mama, na ukikataa nitaendelea kukuandikia. Lakini Kirezi akiolewa, hata bila baraka yako, nitapanda basi na watoto wangu na nitasimama upande wake. Nakuambia mimi mwenyewe usije ukaambiwa na watu.

Mtoto wako,
Hadassa


Columbus, 2 Aprili 2024

Hadassa,

Sura niliiona. Mimi si kipofu. Gatera akija na sura ya mtu mwingine, nitamjua.

Usiandike kwanza.

Mama yako


Buffalo, 30 Juni 2024

Mama mpendwa,

Umesema nisiandike, nimengoja mpaka nimeshindwa. Unakula? Muhoza anasema unakula. Anasema pia Saa Saba imeondolewa kwenye televizio, sasa lazima mtu alipe na aangalie kwenye simu. Anasema alitaka kukulipia ukakataa, na saa saba ikifika unakaa tu kwenye kiti, kitu kimezimwa. Niliposikia hivyo nilienda chooni nikalia, juu ndani ya nyumba hii ni choo tu kina mlango unaofungika.

Nisamehe kama nilikuwa mkali. Nilichosema ni kile kile, lakini ningekisema nimekushika mkono.

Wiki iliyopita nilikuwa Grant Street kununua unga wa muhogo. Nikaona mgongo wa mwanaume, na vile anavyoinamisha kichwa upande mmoja akitembea. Nikamfuata na mtoto mgongoni, nikapita maduka matatu. Akageuka. Mtu wa watu tu, Mburundi, akaniuliza, "Dada, umepotea?" Nikamwambia hapana. Nikarudi nyumbani, na unga sikununua.

Donc usifikiri uko peke yako.

Kirezi hajaniambia chochote tangu mwezi uliopita. Hapokei simu. Sijui Rutebuka amechoka kungoja, au ni Kirezi amechoka. Kama unajua kitu, niambie hata kwa mstari mmoja.

Mtoto wako anayekutamani,
Hadassa


Louisville, 18 Agosti 2024

Mama Mizero,

Amani. Ndiyo, umesoma vizuri, niko Louisville. Muhoza alinileta na gari mwezi wa sita, nikawakataza wote wasikuambie, na Kirezi nikamwambia asipokee simu yako. Wewe ukiuliza, mtu anasema yote. Nilitaka kwanza nione na nifikiri bila sauti yako.

Nilimkuta Kirezi amelala na viatu vya kazi. Nikamvua. Mama yangu wee, ana mvi! Nilimwacha hapa msichana. Nilikaa kando ya kitanda nikiangalia zile mvi.

Alipoamka aliniwekea Saa Saba kwenye simu yake, afurahishe mama mkwe. Tukaangalia bega kwa bega. Preston amekufa tena, eti gari limeanguka. Na Celeste, hakulia. Alikunja midomo, akaenda kwenye ule mgahawa. Kirezi akasema, "Mama, analia mara ngapi, maskini? Amechoka." Alisema tu, hakunitupia mimi. Nilimwambia azime.

Jumamosi wazee wa kina Rutebuka walikuja kuongea. Nilikaa kwenye kiti cha mbele. Mzee wao mmoja, mwenye heshima sana, akaniuliza, "Mama, sisi tunamjua huyu kama mke wa mtoto wako. Leo umekaa hapo kama nani?" Nikamwambia, "Nimekaa kama aliyemzaa. Mnataka binti yangu, ongeeni na mimi, na muongee vizuri." Walicheka, wakavua kofia. Kirezi alikuwa jikoni, nikasikia sahani inaanguka.

Lakini kilio sikuondoa. Usifurahi bure. Mchungaji alisema ni lazima. Nikamwambia, kilio ni cha nani, si changu? Binti huyu nimemtoa ndani ya hicho kilio, nimemshika mkono mbele yenu wote nikamtoa. Mimi niache humo. Kungoja mtoto ni kazi ya mama, haimpasi mke maisha yake yote. Mchungaji akafungua kalenda. Ndoa ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Njoo na wajukuu wangu, na mtoto umvike vizuri, huku watu wanaangalia.

Wewe ulisema kweli katika mambo mengi, na mimi sitaacha kuangalia njia. Tubaki hivyo, wewe na mimi.

Neno moja nimemwambia Kirezi na ninakuambia na wewe, mjue wote wawili. Gatera akija, asiende kugonga kwa watu usiku na kumtisha Kirezi, sasa ni dada yake. Aje kwangu Columbus. Nitamwambia mimi mwenyewe. Atanuna siku mbili, ninamjua. Halafu atakula.

Mimi mama yenu,
Nyirakamana