Kovu Ulilolificha, Mama

Kwako mama, huko uliko,

Arubaini yako imepita na watu wamerudi makwao. Sasa naweza kukuandikia bila mtu kuniambia nyamaza, marehemu hasemwi. Mimi nitakusema.

Unaikumbuka hospitali ya Nairobi, nilipokuwa na miaka kumi na sita? Tangu utotoni nilikuwa nikipanda ngazi za nyumba yetu pumzi zinaniishia. Kumbe ni mshipa mmoja karibu na moyo, ulipaswa kujifunga nilipozaliwa, ukabaki wazi. Wakanipasua ubavuni, wakaufunga. Siku ya kuondoka yule nesi wa bara alikushika mkono: "Mama, daktari anasema amepona. Abebe maji, aolewe, azae." Ukaitikia inshallah, nami nikadhani umesikia.

Tuliposhuka bandarini Mtangawanda ulininong'oneza, "Wakiyua umepasuliwa, nani atakuoa? Sema tulikwenda kwa jamaa, basi." Nilikuwa mtoto, nikatii. Nilipanda ngazi nikiimba, nikateka maji, nikacheza harusini hadi jasho likanitoka, na sikuweza kumwambia mtu kwa nini nina furaha hivyo. Kovu lenyewe huwasha tu siku za baridi.

Kisha mwaka wa Uhuru akaja mchumba kutoka mji wa Faza. Kila bibi harusi husingwa, akasuguliwa mwili mzima kwa manukato, na somo wake, nami wangu alikuwa Bi Mwanaisha, aliyenifunda tangu nilipovunja ungo. Akaja na bakuli la singo lanukia waridi. Ukalipokea mlangoni, ukamwambia utanisinga mwenyewe, ukafunga mlango kwa komeo. Siku saba, mama! Shangazi wa bwana harusi alikuwa amekaa ukumbini akikuangalia. Nilimsikia akiuliza, "Mwili huo una nini hata somo asiuone?"

Siku ya nane watu wa bwana harusi wakarudi kwao, ndoa ikavunjika. Mji mzima ukajua nina ugonjwa wa ngozi, wengine wakasema ukoma. Nikakuomba uwaambie ukweli. Ukasema maneno ya watu hupita. Hayakupita. Waliacha kupokea kikombe mkononi mwangu. Wahenga husema mficha uchi hazai. Na aliyefichwa na mamake je? Nilikuwa na moyo mzima, mama, ukaniozesha kwa ugonjwa nisiokuwa nao.

Sasa nikuambie usiloliona. Asubuhi uliyofariki nilikunja mikono ya kanzu nije kukuosha. Mimi ndiye binti yako wa pekee. Wanawake wakasimama mlangoni. "Kaa hapo, mwanangu," mmoja akasema kwa upole, akiangalia mikono yangu. "Sisi tutamuosha."

Nikakaa. Nikasikia maji yakimwagika upande wa pili wa pazia, wakikugeuza, wakisoma. Maji yakakoma, sanda ikachanwa; baada ya muda ndipo hasira ikanipanda. Niliingia, nikafungua kanzu mbele yao wote, nikainua mkono wa kushoto. Bi Mwanaisha, aliyekuwa miongoni mwao, alinisogelea, akalipapasa kovu kwa kidole kutoka mgongoni hadi chini ya titi.

"Ni hili tu?" akauliza.

"Ni hili tu, Bi."

Alilia, akanishika mkono anilete kwako. Lakini ulikuwa umeshakafiniwa, mama, hata uso.

Mungu akurehemu. Mimi bado sijaweza.

Bintiyo, mzima