Breki Zako Zilikuwa Nzima

Bura, rafiki yangu,

Huku Mbulumbulu ngano imeshavunwa. Mama yako anakula kidogo, ila anakula. Mimi bado nipo gereji pale Karatu, nimechoka, na wateja wamepungua. Tangu ulipopinduka na lile lori la vitunguu kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, kila mtu anajua uliuawa na breki, na breki zako nilizifunga mimi.

Sikubisha. Siku ya kukuzika, mzee wa kanisa alisema hukuwahi kugusa pombe, na ni kweli. Hata trafiki walikuheshimu: kila ulipopuliza kimashine chao cha kupima pombe, hakikuona kitu. Mirungi kimashine hakiijui. Ulikuwa ukisema, "Haya ni majani tu, Sulle, hata mbuzi anakula." Nikakujibu mbuzi hapewi lori. Ukacheka, ukaendelea kutafuna na bablishi yako ya kuondoa uchungu.

Nakuelewa. Tajiri wako alitaka lori likishusha Arusha lirudi Mang'ola siku hiyohiyo, na dereva aliyeomba kulala alikuta usukani una mtu mwingine. Majani yalikushikia macho. Kichwa je? Nilitembea pale mteremkoni kutoka juu hadi kwenye kona ulipopinduka. Hakuna alama ya tairi, lami safi kama imefagiliwa. Ulikwenda moja kwa moja, macho wazi, kichwa kimelala. Breki haimsaidii asiyeikanyaga. Mpakiaji uliyekuwa naye bado anatembelea magongo.

Nikanyamaza, maana kwetu marehemu hasemwi vibaya. Niliona heri zisemwe breki zangu.

Basi juzi mdogo wako Amsi akaja gereji na lori jingine la tajiri yuleyule. Shavu limetuna. "Fundi, kagua breki vizuri," akaniambia, "zisije zikanifanya kama Bura." Alisema kwa imani kabisa, huku anatafuna. Nikaona wema wangu unamchimbia kaburi.

Nikampeleka nyumbani, nikayasema yote mbele ya mama yenu. Amsi akanijia juu: "Unamsingizia maiti kwa kuwa hawezi kukujibu?" Mama akainuka, akamsogelea Amsi. Kisha akasema, "Mashati yake nilifua mimi. Majani nilikuwa nayakuta mfukoni." Akakinga kiganja mbele ya mdomo wa Amsi. Na Amsi, mwanaume mwenye ndevu, akatema.

Sijui kama ameacha. Leo amelala mchana kutwa, lori limeegeshwa uwanjani. Tajiri anapiga simu, na simu anayo mama yako. Namwonea huruma tajiri.

Lala, Bura. Huko hakuna anayekuharakisha. Mimi nakuahidi neno moja: kila dereva atakayeniuliza ulikufaje, nitamwambia, hata kama ni mlangoni mwa kanisa. Jina lako litachafuka, unisamehe. Nilimuuliza mama yako kwanza. Amesema jina lichafuke tu, yeye anataka kubaki na mtoto.

Kwaheri, ndugu yangu.

Sulle