Walikunywa Chai Yetu Ndipo Wakamchukua Florent

Mpendwa Shangazi Wawira,

Naomba unisaidie, na naomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho, maana nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mapumziko yenyewe ni mafupi, na nyumbani siwezi kuandika kwa sababu mama mkwe wangu hatoki sebuleni, amekaa anauangalia mlango tangu asubuhi hadi jioni, na mtu akibisha hodi, hata nikiwa ni mimi niliyesahau ufunguo, hafungui.

Sisi ni Wakongo wa Bukavu, tulikaa kambini Uganda miaka mingi, kisha tukaja Houston kwa ndege, kila mtu na ule mfuko mweupe wa wakimbizi wenye karatasi zake kifuani, na Florent, mdogo wa mume wangu, alikuja vilevile baadaye, ana kibali cha kazi, analipa kodi, usiku anapakia mizigo kwenye ghala na mchana analala, Jumapili anapiga gitaa la besi kanisani. Hapa mtaani kwetu Gulfton dari la bafu letu linavuja tangu kabla ya Pasaka, tumepiga simu ofisi ya apatimenti mpaka tumechoka, mama mkwe, Mama Orpa, aliwahi kwenda pale na ndoo imejaa maji akaiweka juu ya meza ya yule dada wa mapokezi ili aone kwa macho yake, tukaambiwa fundi atakuja, hakuja.

Sasa asubuhi moja mimi na mume wangu Bisimwa tuko kazini, watoto wako shule, Florent ndiyo kwanza amelala, Mama Orpa akasikia mlango unagongwa, akafungua, akakuta wanaume watatu wamevaa yale majaketi ya kazi yanayong'aa, mmoja akaongea Kiingereza kwenye simu yake na simu ikasema kwa Kiswahili, sauti ya mwanamke, "Habari za asubuhi mama, tumekuja kutengeneza maji yanayovuja bafuni." Shangazi, mama wa watu alifurahi! Na kwetu unajua, mgeni haulizwi shida yake wala jina lake kabla hajakaa akanywa kitu, basi hakuuliza, aliwavutia viti, akachemsha chai ya maziwa, akawapa na maandazi yaliyobaki, nao wakakaa, wakanywa, wakala. Kisha yule mwenye simu akauliza, kwa Kiswahili hichohicho cha simu, kama kuna mwanamume ndani awasaidie kushika ngazi, na mama mwenyewe ndiye aliyekwenda chumbani akamtikisa mwanawe bega akamwambia amka, wale watu wa maji wamefika.

Florent alitoka na fulana ya ndani, miguu mitupu. Wakaweka vikombe chini, kumbe ni askari wa uhamiaji, wakamtia pingu pale mezani. Mama akawafuata kwenye ngazi ameshika viatu vya mwanawe, analia, anawaambia avae viatu angalau, mlango wa gari ukafungwa, viatu vikabaki mkononi mwake. Waliacha karatasi mezani, na wakili tuliyempata anasema haina sahihi ya hakimu yeyote.

Florent sasa yuko kizuizini, mbali na hapa, na wakili wa serikali amemwambia hakimu kwamba ni Florent mwenyewe aliyefungua mlango, kwamba walijitambulisha, kwamba aliwakaribisha akijua ni akina nani. Hakuna neno la maji wala chai. Wakili wetu akatuita, mimi na Bisimwa, akauliza, nani alifungua mlango? Na hapa ndipo ninapokosa usingizi, Shangazi, kwa sababu Bisimwa alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikasema sijui, sikuwepo, na yeye akasema hajui. Tulipofika kwenye gari akaniambia, "Mama Rosette, tuache hiyo affaire. Dosye yangu ya uraia iko mezani kwao, banaweza kuiangusha wakati wowote. Tulikimbia bantu ba bunduki, sasa unataka tujipeleke mbele yabo?" Siwezi kusema ni mtu mbaya, alimlea Florent kambini kama mtoto wake, lakini hivyo ndivyo alivyosema. Mchungaji naye akasema tumwachie Bwana, tusiwachokoze wenye mamlaka, na kwenye matangazo ya ibada hawakumtaja Florent kwa jina, walisema "kijana wetu mwenye changamoto," kama vile ana homa.

Mama Orpa yeye ni raia, alikula kiapo akiwa amevaa kitenge chake kipya, lakini hajui kwamba maneno yake yanahitajika, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Anachojua ni kwamba yeye ndiye mkosaji, na aliyemjulisha hivyo ni mimi, maana siku ile nilirudi nikapandwa na hasira nikamwambia, ungekaa kimya tu bila kufungua, Florent angekuwa hapa. Vile vikombe vitatu ameviweka juu ya friji, hataki vioshwe wala viguswe, na usipomsemesha anasema peke yake, "Balikunywa chai yangu, balimaliza. Ni mie nilimulamusha," yaani ni yeye aliyemwamsha. Binti yangu Rosette aliniuliza juzi, "Mom, they're the ones who lied. Why are we hiding?" na kweli waliodanganya ni wao na tunaojificha ni sisi.

Majirani wanataka twende baraza la jiji, siku ile wananchi wanaporuhusiwa kuongea, kwa sababu sisi si nyumba ya kwanza hapa kuingiliwa hivyo. Nikienda, mume wangu ataona nimemuuza. Nikinyamaza, Florent atarudishwa kule tulikokimbia. Na mama mkwe nimpeleke mbele ya watu walewale waliomdanganya, akadanganywe tena? Niambie nifanye nini.

Mama Rosette, Gulfton

*

Mama Rosette,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Nimekasirika, na kila mtu aliyetajwa humu atapata fungu lake, wewe pia.

Nianze na wale wanaume watatu. Mimi nimekulia Embu enzi zile askari wa chifu waliingia jikoni kwa mama yangu bila hata hodi, wakipindua vyungu kutafuta pombe. Tuliwachukia. Lakini hata wao, na ukatili wao wote, hawakuwahi kujifanya mafundi wa maji wakakaa kwanza wakanywa uji wetu! Mtu aliyetumwa na sheria hutaja jina lake na kuonyesha karatasi ya hakimu. Anayehitaji uongo ili aingie kwako anajua fika kwamba ukweli usingemfungulia mlango. Wakamtumia mama mzazi kumwamsha mwanawe, halafu wakaenda mahakamani wakamfuta kabisa, kana kwamba hakuwepo. Hapo ndipo damu inaponichemka. Walimwona vizuri sana alipokuwa anawamiminia chai.

Na kuna jambo umelipita mbio katika barua yako ambalo mimi siwezi kulipita. Walijuaje kwamba bafuni kwenu kunavuja? Kutoka nje hakuonekani. Walioambiwa habari ya dari lile, na wakawekewa ndoo mezani, ni ofisi ya apatimenti. Simtuhumu mtu nisiyemjua, huenda kuna maelezo. Basi yatolewe. Hilo ndilo swali la kuuliza mbele ya baraza la jiji, na uliulize ukiwa na majirani zako wote nyuma yako: habari za shida za wapangaji zinapelekwa wapi? Diwani wenu analipwa kwa kodi ya Florent pia. Ajibu.

Mumeo sasa. Woga wake si wa kipumbavu, na mtu asiyewahi kukimbia bunduki asimcheke. Karatasi za uraia zikiwa mikononi mwa watu unaotaka kuwalaumu, lazima uwaze mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, amwone wakili kuhusu faili lake mwenyewe, apate jibu la mtu anayejua, asiishi kwa kubahatisha. Wala si lazima yeye asimame popote. Lakini kukukanyaga mguu ili umfiche wakili ukweli, hapana, Bisimwa, hapana! Huyo wakili ni wenu. Ukimdanganya daktari wako kuhusu mahali panapouma, atakutibu goti wakati kinachokuua ni figo. Na huyo kijana ulimlea kwa mkono wako. Leo yuko ndani bila viatu, na kitu pekee kinachoweza kumsaidia kiko sebuleni kwako kimekaa kinaangalia mlango.

Mchungaji nitamwambia kwa heshima yote. Baba, maombi tunayahitaji, mimi mwenyewe niko kwenye kikundi cha maombi hapa DeSoto kila Jumatano. Lakini mnamwombea mtu ambaye jina lake mnaliona aibu kulitaja? Florent hajafanya kosa. Jumapili hii litaje jina lake lote, kutoka madhabahuni, na useme alichukuliwaje. Ukiogopa, sema unaogopa, tutakuelewa. Usituambie tu kwamba Bwana ndiye aliyeagiza kimya hicho.

Nawe, mwanangu, nimekuacha mwisho kwa sababu wewe ndiye uliyeandika. Uliudhika ukamtupia lawama yule aliyekuwa karibu, asiyeweza kukujibu. Wengi wetu tumefanya hivyo, na hakuna aliyefanya vizuri. Ulimwambia mama wa watu kwamba kosa lake ni kufungua mlango. Umri wake wote amefunguliwa milango na watu asiowajua, akiwa njiani na watoto mgongoni, ndiyo maana leo wewe una mume na Rosette ana bibi. Aliyekosa ni mgeni aliyekuja kwa uongo. Leo ukitoka kazini usipike, usifue, usiangalie simu. Kaa naye pale chini sebuleni umwambie kwa mdomo wako, "Mama, nilikukosea. Wewe hukumtoa Florent. Wewe peke yako ndiye uliyeona."

Tazama jinsi atakavyokuangalia. Amekuwa akijihesabu kuwa msaliti, kumbe ni shahidi.

Kesho mpigie wakili kabla hujaingia kazini. Mwambie ulisema uongo, useme na kwa nini, na usiogope, mawakili wameshayasikia mengi. Mwambie habari ya simu iliyosema Kiswahili, majaketi, ngazi, chai, na nani aliyekwenda kumwamsha nani. Vile vikombe msiviguse, mwambie viko wapi, aamue yeye kama vina kazi. Mimi si wakili, na sitakudanganya kwamba hakimu lazima atakubali. Anaweza kukataa. Lakini hawezi kupima kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Muulize pia kama ni salama mama kuongea baraza la jiji kabla ya kesi au baada yake, na mfuate anavyosema. Wewe na majirani, hamna sababu ya kungoja.

Kuhusu mlango, mama asifundishwe kuchukia watu. Afundishwe kuuliza akiwa ndani, komeo likiwa limekaa: wewe ni nani, umetumwa na nani? Kisha akupigie simu. Kama ni karatasi, waiweke kwenye kioo cha dirisha, Rosette aisome au muipige picha muitume kwa wakili, na isiyo na sahihi ya hakimu isiwafungulie. Asisukumane na mtu, asiseme uongo, asisaini chochote. Jirani akija na hodi yake anayoijua, afungue, na chai ichemke kama zamani. Wakifaulu kumfanya asimpe mtu chai tena, watakuwa wamechukua watu wawili nyumbani kwako.

Unaogopa kumpeleka mbele yao akadanganywe tena. Safari hii haendi peke yake, na safari hii wao ndio watakaoulizwa maswali. Aende mahakamani na kitenge chake cha siku ya kiapo. Aombe mkalimani, ni haki yake, asione haya kwamba Kiingereza hakijui. Akae, anyooshe mgongo, aseme kwa lugha yake jinsi alivyomtikisa mwanawe bega. Walipotaka kuingia, simu yao ilijua Kiswahili. Sasa wakae wakisikilize.

Shangazi Wawira, DeSoto