Mama, Sikuwa na Mimba

Mama,

Ulikufa ukijua unapata mjukuu. Nilikudanganya.

Siku ile ya ofisi ya bima sikukusimulia yote. Nilimpelekea yule dada wa dirishani karatasi za daktari: mirija imeziba, dawa haitasaidia, nikapandikizwe mimba Dar es Salaam. Akazisoma, akanirudishia. "Mwalimu, bima inatibu ugonjwa. Kukosa mtoto siyo ugonjwa." Miaka kumi na moja wananikata mshahara, Mama. Fomu yao ina nafasi nne za watoto. Zangu zote tupu, na makato ni yale yale.

Nilikuja Chimala kulia kwako. Wiki iliyofuata ukapanda basi hadi kwangu Iyunga, ukaniwekea pesa mezani. Ulikuwa umeuza shamba la mpunga. Nikakuuliza, kaka Ezekia anajua? Ukasema, "Mpunga hauniiti bibi."

Huko Dar es Salaam walinipandikiza mara moja tu. Siku ya kumi na nne wakanipima damu. Hakuna kitu. Kurudia ni kulipa upya, yote.

Niliporudi nikakukuta umelazwa, figo zimegoma. Ukanishika tumbo kabla hata ya salamu. "Imeshika?" Nikasema imeshika. Ukacheka, Mama, na midomo imekukauka vile. Siku tano ukanikataza kubeba ndoo, ukanikataza bodaboda. Halafu basi.

Na bima ililipa. Kitanda, vipimo, dripu, kila kitu, kwa kadi yangu ile ile, kwa sababu uliandikwa mtegemezi wangu. Kufa kwako kumo kwenye orodha yao.

Sasa msimu umeanza. Ezekia alikwenda shambani akakuta trekta la mtu mwingine linalima. Tangu hapo anasema mbele za ndugu kwamba ulitapanya mali ya watoto wako, kwamba uliwapelekea waganga. Jumapili alisema hivyo nikiwepo. Nikainamia sahani yangu, nikala.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko tumbo hili.

Nisamehe ule uongo ukiweza. Usipoweza, nitaelewa. Jumamosi nakwenda Chimala. Nitamwambia Ezekia shamba lilikwenda wapi, na kwamba halikuleta mtoto. Akinifukuza nitaondoka. Lakini wewe hatakusema tena, nakuahidi.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Tumpe