Nilinyamaza, Ukumbi Ukapaza Sauti

Mulekera, Beni, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Kipese? Viazi mmevuna, au askari wamewatangulia tena? Mimi niko mzima, Mungu asifiwe.

Ujumbe wako wa kuniita nyumbani ulinifikia. Ni kweli shule ninayofundisha imefungwa, askari wanalala madarasani. Lakini sirudi, Mama. Nimepata kazi, na nimeipigania.

Jirani yangu, Papa Paluku, ana ukumbi wa video. Filamu ni za Kifaransa, kwa hiyo mkalimani husimama kando ya televisheni akisema maneno ya kila mtu kwa Kiswahili. Mkalimani wake alikwenda Butembo, barabara ikafungwa nyuma yake. Nikaomba nafasi. Papa Paluku akacheka: "Mwalimu, ile kazi ni ya banaume. Batu batatoka." Nikamwambia anijaribu mara moja, wakitoka, nitafunga mizigo nije kwako.

Akanipa filamu ya zamani, isiyo na rangi. Bwana mmoja anambembeleza mkewe mbele ya watu, kumbe amemlipa mtu amuue. Vijana wakanizomea: "Eh, Madamu, vita iko wapi?"

"Iko mu nyumba," nikajibu. Wamama waliokaa nyuma wakacheka, wakasogea mbele.

Yule bwana nilimpa sauti ya asali. Kila alipomwita mkewe "mupenzi," wamama waliguna.

Kisha mke akaingia chumbani peke yake. Muuaji alikuwa amejificha kando ya kabati. Katika filamu hapakuwa na neno hata moja. Unajua, mkalimani wa huku hanyamazi kamwe. Akinyamaza, watu husema Kifaransa kimemshinda, basi hubuni chochote. Mimi nilinyamaza. Askari mmoja akafoka: "Interprète, sema!" Sikusema. Unanijua, mtu wa kukaa na mawazo yangu. Katika kimya kile nilisikia ukumbi mzima ukizuia pumzi, nikajua nimewashika.

Mama mmoja muuza ndizi akashindwa kuvumilia: "Mama, geuka! Ule bwana alikuuzisha!"

"Geuka!" wote wakaitika, hata yule askari.

Mke akageuka. Akampiga muuaji kwa taa ya chuma, akamwangusha. Vigelegele vikafunika mlio wa jenereta. Bwana alipotiwa pingu, wamama walikuwa wamepanda juu ya mabenchi, wakiniimbia mimi.

Hakutoka mtu. Papa Paluku alinisubiri mlangoni, kofia mkononi: "Mwalimu, kesho unakuya saa ngapi?"

"Nikisha kula," nikamwambia.

Umsalimie Baba, na shangazi yetu wa kwaya. Njia ikifunguka, salamu zimfikie dada yangu anayelea watoto kule Rughenda. Kitanda changu mpe mdogo wangu, asiogope kukizoea.

Ni mimi binti yako, mkalimani wa Mulekera,
Kavira