Laiki za Matanga ya Babu

Sawsan uko wapi?? Nimejifungia chooni nikuandikie haya.

Ami Ghaleb si unamjua. Tangu jana yuko matangani na simu, anawaonyesha watu tangazo la kifo cha babu alilolibandika mtandaoni: "Mzee mzima, laiki zake hazifiki hata za picha ya paka wa jirani!" Watu wamekuja hata kutoka mji wa Irbid kutupa pole, kahawa chungu mkononi, hawajui watazame wapi.

Za paka, Sawsan!

Basi binti yake, Tamara, akaichukua simu kimyakimya, akaificha ile hesabu ya laiki ili baba yake atulie.

Atulie wapi! Kafungua simu, namba haipo. Kaingia mpaka huku kwa wanawake bila hodi: "Nani kafuta watu wa baba yangu?"

"Baba, watu wapo, ni hesabu tu imefichwa."

"Wapo? Haya!" Akaanza kusoma majina ya waliolaiki, moja moja, kwa sauti. Wallahi kila mtu alikuwa anasubiri lake. Hata mimi. Hata mimi, Sawsan!

Alipomaliza, bibi, ambaye hajawahi kushika simu, akainua uso.

"Ghaleb mwanangu, mimi mke wake mbona hukunisoma?"