Kidonge Chini ya Ulimi

Jumatatu, 4 Juni 1973

Nimetoka kwa daktari Kisii mjini. Mimi Thadeus, niliyeendesha lori mpaka Kampala, Mombasa na Kongo (wengine wanasema Kongo ni uongo — shauri yao), leo nimevuliwa shati kama mtoto wa kliniki!

Nilimweleza: nikipanda kilima cha Gesima, kifua kinakazwa kama boliti. Nikisimama, kinaachia. Ndiyo maana nasalimia kila nyumba njiani. Watu husema Thadeus anapenda watu. Ni kweli. Lakini pia napumzika.

Akasema moyo unasukuma damu mwili mzima, na wenyewe pia unalishwa damu, kwa mishipa yake myembamba. Yangu imejaa mafuta, na sigara zimeiharibu zaidi. Nikamkatiza — daktari, hiyo ni paipu ya petroli yenye uchafu! Tambarare gari inakwenda, mlimani inakohoa. Akacheka. Akasema ningefaa kuwa mwalimu. Najua.

Nikauliza kama anaweza kuifungua aipulize, kama tunavyofanya barabarani. Hapo akaacha kucheka. Hapa kwetu haiwezekani, akasema. Na nikipuuza, injini itazima siku moja, papo hapo.

Amenipa chupa ya vidonge vidogo. Kifua kikikaza, nikae, niweke kimoja chini ya ulimi, nisimeze, nifunge mdomo mpaka kiyeyuke. Nifunge mdomo! Mimi!

Jumatano, 6 Juni 1973

Nimekijaribu kidonge nikipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia. Kifua kikalegea, raha tupu! Kichwa tu kiligonga kama ngoma. Lakini jirani yetu Persis alinikuta nimekaa kimya, akapiga mayowe: "Thadeus haongei! Njooni!" Nikaonyesha jino. Sasa kanisa zima linaliombea jino langu.

Sigara sijavuta tangu Jumatatu. Nani mwingine angeweza?

Ijumaa, 8 Juni 1973

Anayejua ni mke wangu tu, Nyanchera. Anataka Jumapili nimwachie ndugu yangu Machogu aseme mahari ya binti yake Orpah. Machogu! Mbele ya wageni anaongea na viatu vyake. Mahari ya mabinti wa ukoo huu nimesema mimi, yote.

Nyanchera akaniita kwa jina la mtoto wetu: "Baba Bitutu, utafia ng'ombe wa watu."

Nikamwambia bora nife nikisema. Hakucheka. Kwa chakula nyama hakuna, chinsaga tupu. Mboga chungu! Nimemaliza yote.

Jumapili, 10 Juni 1973

Niko chumba cha ndani. Wageni wametoka nje kushauriana. Naandika haraka.

Nilianza vizuri sana. Baba wa kijana anayemposa Orpah, mzee Omwenga, alitaja ng'ombe sita. Nikasimama kujibu, nikawachekesha wote — na boliti ikakaza. Nikakaa. Kidonge. Mdomo nikafunga.

Omwenga akaniangalia: ni kidogo, mzee? Ningejibuje! Akaongeza mmoja. Mimi nakodoa macho tu, jasho linatoka. Akaongeza mwingine! Nikamsikia akimnong'oneza nduguye kwamba mtu mgumu hivi hajaona. Machogu anavichekea viatu.

Halafu Omwenga akasema polepole — basi, chukueni na yule wa maziwa ya mama yangu.

Huyo mama namjua. Hana jino hata moja. Maziwa ndiyo chakula chake. Nikataka kupiga kelele, hapana! Kidonge bado.

Sasa kimeyeyuka. Kifua kiko sawa. Machogu amechungulia mlangoni: ndugu yangu, usifungue mdomo tena, leo umesema kuliko siku zote! Nikamwambia yule ng'ombe arudi. Akakataa. Nimpe sababu.

Sababu ninayo. Lakini nikiisema, ni mbele ya watu wote — Thadeus wa Kongo ana moyo mbovu. Jino? Nani atarudisha ng'ombe kwa ajili ya jino?

Wageni wanaingia. Nyanchera amesimama na birika la chai. Haniangalii usoni, anaangalia mfuko wa shati langu. Chupa nimeshaitoa, iko mkononi, lakini si kwa kidonge kingine. Wananiita —